Haina Manukato

4 Februari

Chiriku wangu,

U mzima? Sisi huku tunaendelea. Baba yako kikohozi kimemwachia, kilichobaki ni kulalamika tu, na kwa hilo hakuna dawa. Kang'ang'ania kuliezeka upya paa la stoo ya uani peke yake, umri ule, juu ya ngazi yenye vidato viwili vibovu. Nimemwambia, kaka, ukianguka usiniite, kazi yangu mimi ni kupamba maharusi, si kuunga mifupa. Amenuna tangu juzi. Anakusalimu hivyohivyo na kununa kwake.

Haya, nisikuchoshe. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kuoshea nywele. Hata isingetumbukia, jambo hili nalitaka kwa maandishi, nilibandike ndani ya mlango wa kabati la saluni. Mwaka wa ishirini na mbili huu nashika nyuso za watu, na sijawahi kumtoa mtu hapa kwangu akiwa amekasirika na kioo. Lakini wateja wa siku hizi wanakuja na majina. Wiki iliyopita kaja binti mmoja, kakaa kwenye kiti, kakunja nne, ananiuliza, "Unatumia praima gani?" Nikamjibu, "Ninayo nzuri sana, ila imeisha." Imeisha! Kitu ambacho sijui kama kinapakwa au kinanywewa! Msusi wangu akageukia ukutani, mabega yanamruka kwa kicheko. Nilimnyima chai siku ile.

Wewe ndiye unayeandika lebo huko kiwandani. Niandikie hayo maneno kwa lugha ya mtu mzima: praima, tona, seramu, konsila, na ile namba kwenye mafuta ya jua. Usiniandikie kidaktari. Mpe barua dereva wa gari lenu la mizigo, kila wiki anashusha maboksi duka la jirani.

Mimi shangazi yako, ambaye praima imemwishia

19 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani kaniuliza kama nina homa. Mimi mzima. Chumba ni kidogo lakini kina dirisha, na jirani wa juu ameacha kuburuta viti. Mwambie baba nimesema ashuke kwenye ngazi. Mwambie hivyo hivyo, nimesema mimi.

Maneno yako haya hapa. Praima unaijua, hukuijua jina tu. Ni kile kinachopakwa kabla ya fondesheni ili ishike na isiteleze jasho likija. Wewe miaka yote umekuwa ukipaka losheni nyepesi, ukisubiri ikauke, ndipo uanze. Basi hiyo ndiyo praima ya maskini, mjibu yule binti bila wasiwasi. Konsila ni nzito kuliko fondesheni, unaigusisha palipo na doa au weusi chini ya macho, siyo uso mzima. Mtu akikuomba konsila uso mzima, anataka kupigwa plasta kama ukuta.

Tona ni maji ya kupitisha usoni kwa pamba baada ya kunawa. Wengine wanaihitaji, wengi hawaihitaji, na inayochoma siyo kwamba ndiyo inafanya kazi. Seramu ni maji mazito kidogo yenye dawa nyingi ndani ya tone dogo, inatangulia, losheni inafuata. Ukiona "haizibi vitundu vya ngozi" maana yake imetengenezwa isilete chunusi, lakini hakuna anayeweza kuapa. Na "asilia" haina maana kwamba haiwashi. Upupu nao ni wa asili.

Ile namba ya mafuta ya jua si asilimia, shangazi. Hamsini haikaribii kuwa mara mbili ya thelathini, tofauti yake ni ndogo sana. Kinachosaidia ni kupaka ya kutosha na kurudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Watu wanapaka tone moja asubuhi wanajiona wamevaa kofia.

Nimekuwekea zawadi kwenye kifurushi. Ni krimu yetu mpya ya uso, na lebo yake nimeiandika mimi mwenyewe kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Soma mbele pale: HAINA MANUKATO. Nilikukumbuka wewe nilipokuwa naiandika. Bado naona ulivyorudi kutoka ile harusi waliyokurushia marashi, macho yamejifunga, ukanituma mimi nikusomee majina ya wateja wa kesho yake.

Miezi yangu sita ya majaribio inaisha mwisho wa Juni. Lebo zikiwa safi, napewa ajira ya kudumu. Niombee.

Chiriku

30 Machi

Chiriku,

Marahaba. Usishangae mwandiko, huu ni wa msusi. Mimi vidole vyangu vimejaa dawa ya nywele nashindwa kushika kalamu, kwa hiyo nasema yeye anaandika.

Tuko wazima wote. Baba yako ameshuka kwenye ngazi, kidato kimemsaidia kushuka. Kateguka kidogo kifundo, anatembea. Usije mbio.

Karatasi yako tumeibandika. Yule binti karudi, nimemwambia praima ipo, nikamweleza na kazi yake, akaniangalia kama nimetoka chuo. Mwezi huu maharusi anashika msusi, mimi nimeamua kupumzisha macho. Nimezeeka, ndiyo hivyo.

Tuandikie.

Shangazi yako

Dada, kaniambia nisiandike kitu kingine chochote. Sijaandika. Ni mimi, msusi.

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameniandikia mwenyewe kuhusu kifundo, kurasa mbili, ngazi ndiyo yenye makosa. Sina wasiwasi naye tena.

Wasiwasi ninao na wewe. Tangu lini dawa ya nywele ikakuzuia kushika kalamu? Ulikuwa ukiandika oda za wateja huku mkono mwingine umeshika chanuo. Na tangu lini ukampa msusi maharusi wa mwezi mzima? Mwaka juzi ulikuwa na homa ya kutetemeka ukapamba bibi harusi umekaa kwenye stuli. Halafu nimekutumia krimu, barua nzima hujaitaja. Ingekuwa mbaya ungenitukana, ingekuwa nzuri ungenitania. Kimya ndicho kinanisumbua.

Huku mambo ni mazuri. Krimu inatoka vizuri madukani, msimamizi kanisifu mbele ya watu. Yeye kazi yake ni kuhesabu herufi: mbele ya tyubu zisizidi kumi na sita, nami sijawahi kuzidisha. Jana alinipa kazi ya kueleza ile alama ya kopo lililo wazi lenye 12M, kwa sababu kuna mama kapiga simu kuuliza kama mtoto wake wa miezi kumi na miwili anaruhusiwa kupakwa wanja. Maskini! Alama ile inasema tu kwamba ukishafungua, tumia ndani ya miezi kumi na miwili, kisha tupa. Iandike ukutani. Na maskara mpe miezi mitatu mpaka sita tu, hata kama haijaisha. Najua unayo ya tangu nikiwa shuleni.

Nijibu kwa mkono wako.

Chiriku

2 Mei

Chiriku,

Marahaba, na mkono ndio huu, umeridhika? Maskara nimeitupa. Imeniuma, ilikuwa bado ina maji.

Baba yako anatembea na fimbo ambayo haihitaji, kwa ajili ya kuonewa huruma na wapangaji. Mvua imeingia saluni kwa ule mlango wa nyuma, nimeweka gunia. Msusi anataka kuolewa, hataki kusema na nani, lakini namwona anavyopaka mafuta ya mdomo fundi wa umeme akija kusoma mita.

Nina swali moja la mteja wangu. Ni mtu mzima, mwenye heshima zake, ngozi yake haipatani na marashi. Mtu kama huyo akipaka kitu kilichoandikwa hakina manukato, halafu uso ukamvimba, inawezekana kitu kile kikawa na manukato ndani? Au ni mambo ya umri tu? Nijibu kwa kifupi, mteja hana haraka, ameshapona.

Kuhusu ile krimu, tyubu yake ni nzuri, inasimama vizuri kwenye rafu.

Shangazi yako

14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Safari hii salamu ni fupi, nisamehe.

Niliposoma barua yako nilirudi kiwandani asubuhi nikaomba faili. Maabara walinipa krimu mbili kwa siku moja. Kwenye karatasi ya kwanza wameandika kwamba haina manukato, na ya pili kwamba haina harufu. Mimi nikaona ni kitu kimoja, mtu kasema mara mbili. Nikachukua ile ya kwanza kwa sababu ilinikumbusha wewe na marashi, nayo iliingia kwenye herufi zile kumi na sita za msimamizi, nikaiweka kwenye tyubu zote mbili. Msimamizi akahesabu, akasaini.

Si kitu kimoja. Isiyo na manukato haikutiwa manukato kabisa. Isiyo na harufu ni ile ambayo pua haisikii kitu, lakini ndani wanaweza kutia manukato kidogo ili kuua harufu ya mafuta yenyewe. Ile ya pili, niliyokutumia wewe, imetiwa. Manukato yametajwa nyuma ya tyubu, kwenye yale maandishi madogo ya kitaalamu, karibu na mwisho wa orodha. Nimeipitia ile orodha mara nyingi nikitafuta makosa ya alama, na jina hilo nimelipita kila mara kama mtu anayepita mlango wa jirani.

Tyubu elfu nne zimeshatoka. Hakuna anayejua ila mimi na wewe.

Shangazi, huyo mteja mwenye heshima zake ni wewe. Usinikatalie. Wewe ndiye uliyeandikiwa barua na msusi kwa sababu macho yalikuwa hayafunguki. Nimekuvimbisha uso, na uso wako ndio kibao cha saluni yako. Nimekaa na karatasi hii siku nne, kila nikianza naona aibu inanipanda mpaka masikioni.

Ajira inaamuliwa baada ya wiki sita. Nifanyeje?

Chiriku

25 Mei

Mwanangu,

Acha kulia. Najua unalia, karatasi imejikunja pembeni.

Ndiyo, ni mimi. Siku kumi na moja sikuona vizuri, na ngozi ikabanduka mashavuni. Maharusi watatu walihama, wawili wakarudi kwa msusi. Imekwisha. Nimepona, bado kidoa kimoja chini ya jicho la kushoto, na konsila nimeshajua kazi yake, nagusisha tu, siyo uso mzima.

Na tusilaumiane, kosa nami ninalo. Mteja yeyote akija hapa na kitu kipya, nampaka kidogo ndani ya kiwiko, namwambia nenda, rudi keshokutwa tuone kama kimewasha. Simwachi mtu, hata mke wa mwenye nyumba. Yako sikuipima. Nilisoma lebo, nikasema hii ameandika mtoto wangu, nikajipaka uso mzima na shingo. Ningeanzaje kukupima wewe?

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungeacha kila kitu ukapanda gari, ukaja kunishikia kitambaa cha maji usoni, na kazi ikaenda. Baba yako alipokuwa akisafiri na kazi, wewe ulilala kwenye benchi la saluni hii mpaka miguu ikapita mwisho wa benchi. Sikukusomesha kwa vichwa vya watu ili uje ufukuzwe kwa tyubu.

Sasa nisikilize. Nyamaza. Subiri upewe barua yako ya kudumu, uisaini, uikunje, uiweke ndani. Ndipo Julai useme umegundua kosa jana. Nani atajua? Wenye ngozi kama yangu ni wachache. Wiki sita si miaka.

Mengine ni ya kawaida. Fundi umeme kaleta posa ya msusi, kumbe kweli. Juzi jirani yangu fundi cherehani kaingia na hiyo tyubu yenu mkononi, kainunua duka la jirani kwa ajili ya kitoto chake chenye ngozi ya kuwasha, anasema kaona imeandikwa haina manukato. Nilimnyang'anya. Nikamwambia imepitwa na wakati, nikampa mafuta mengine ya kwangu, akaondoka ananishangaa. Mvua imepungua.

Nyamaza, unanisikia?

Shangazi yako

12 Juni

Chiriku,

Dereva kaja mara mbili mikono mitupu. Baba yako anauliza, namwambia una kazi nyingi. Najua kimya chako, si cha kazi nyingi. Ulivyokuwa mdogo ukinyamaza namna hii nilikuwa nakwenda moja kwa moja kuangalia kilichovunjika.

Andika hata mstari mmoja.

Shangazi

28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimesema.

Nilitaka kukutii. Niliisoma barua yako jioni nikaona una akili kuliko mimi, nikaamua kunyamaza, nikapika, nikala. Kisha nikarudia pale kwa fundi cherehani. Wewe unaniambia ninyamaze wiki sita, na wewe mwenyewe hukuweza kunyamaza dakika moja, umempokonya mtu kitu alichonunua kihalali na ukamdanganya juu yake. Kama wewe uliyesema wenye ngozi hiyo ni wachache umeshindwa kumwacha atoke na tyubu mlangoni, mimi ninayezitoa kwa maboksi ningewezaje? Kila kitoto kingine kipo mbali na saluni yako. Hakuna wa kuingia akamnyang'anya mama yake.

Nilikwenda kwa msimamizi na karatasi zote mbili za maabara. Alidhani nimezidisha herufi. Nilipomweleza, akaniuliza nani mwingine anajua, nikasema shangazi yangu, imemvimbisha uso.  Aliniuliza kama nimetumwa kusema au nimesema mwenyewe. Nikamwambia nimekatazwa.

Krimu imeitwa irudi. Ajira ya kudumu sikupata. Hawakunifukuza, lakini dawati la lebo wamempa mwingine, na mimi nimeshushwa chini kwenye mstari wa kufungasha, majaribio yanaanza upya. Tangu Jumatatu niko mezani na wenzangu sita, tunabandua lebo zangu kwa mikono. Tunaloweka tyubu kwenye maji ya vuguvugu, tunakwangua kwa kucha. Mwenzangu wa kulia aliniuliza, hivi mjinga gani aliandika hizi? Nikamwambia ni mimi. Akasogeza beseni katikati ili na mimi nifikie maji.

Nina aibu, shangazi, na nina hasira, na sijutii. Zimerudi elfu tatu na kitu. Wenye maduka ya mbali hawasomi barua za kiwanda.

Usiwe mkali kwangu. Au kuwa, lakini niandikie.

Chiriku

15 Julai

Mwanangu,

Marahaba.

Nilikuwa mkali. Siku niliyopata barua yako nilipiga mlango wa kabati mpaka karatasi yako ikadondoka. Nilimwambia msusi kwamba nimelea mtu mkaidi, mtu anayeambiwa kaa anasimama, na kwamba nikikuona nitakuvuta hilo sikio. Msusi akaniuliza, "Kwani wewe yule fundi cherehani ulimwacha na tyubu yake?" Nikamnyima chai. Baadaye nikampa.

Nimelia kidogo pia, nisikufiche. Nilitaka ukae kwenye kiti chenye mgongo. Mimi nimesimama miaka yote hii, miguu yangu unaijua.

Kesho yake nikafunga saluni. Msusi akachukua kikapu, baba yako akachukua ile fimbo yake, tukaanza duka la jirani tukaenda mtaa mzima, mpaka maduka ya nyuma ya stendi. Barua ya kiwanda wote wanayo, wengine wameifungia karanga. Mwenye duka la kona akakataa, akasema lebo imeandikwa vizuri kabisa, mimi ni nani niseme ina kosa? Nikaichukua tyubu, nikaweka kidole hapo palipoandikwa haina manukato, nikafuta poda yangu kwa leso mbele za watu, nikamwonyesha doa langu chini ya jicho. Mwenye duka akauliza, "Sasa aliyeandika huu upuuzi ni nani?"

Nikamwambia, "Ni mtoto wangu. Na aliyekwenda kusema kwamba ni kosa, kabla hajaulizwa na mtu, ni mtoto wangu huyohuyo."

Akazitoa zote zilizokuwa rafuni, na mbili alizokuwa amempa mkewe.

Dereva atakushushia boksi. Ziko themanini na tisa. Moja imefunguliwa, ni yangu.

Mama yako shangazi